« Fishye iko wapi? »
Namna ya kutengeneza ordinatere ili karatasi za koperative zionekane na wote



Tangu ordinatere ilipoingia katika biro za koperative zetu, kuko ulizo moja linalorudi katika vikao vingi vya komite: « Fishye iko wapi? » Sekretere anajibu: « Iko humu ndani, mungoje kidogo. » Anafungua dosye moja, anafungua ingine, batri inaanza kuisha, na kikao kinamalizika bila orodha kuonekana.

Watu wengine wanafikiri kwamba ordinatere ndiyo mbaya, ao kwamba sekretere hajui kazi. Mara mingi si hivyo. Ordinatere inafika kutoka dukani imepangwa kwa namna inayopendeza macho, lakini si kwa namna inayosaidia kazi ya koperative. Inaonyesha picha kubwa-kubwa, inaficha sehemu ya majina ya fishye, na inafungukia mahali ambapo hatuhitaji. Vyote hivyo vinaweza kubadilishwa, bila feza, bila intaneti, kwa muda wa nusu saa.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WANAMEMBA WOTE

Tuchukue mfano wa koperative ya kahawa. Tuseme mama mmoja alipeleka kilo 340 za serezi kwa msimu mzima. Katika ordinatere kuko fishye mbili: « LISTE PAIEMENT » na « LISTE PAIEMENT NOUVEAU VRAI ». Ya kwanza iliandikwa mbele ya siku za mwisho za kupima, inaonyesha kilo 290. Ya pili ilisahihishwa, inaonyesha kilo 340. Siku ya kulipa, mtu anachapisha ile ya kwanza kwa haraka. Kilo 50 zinapotea. Kama kilo moja inalipwa franka 1.000, mama anakosa franka 50.000. Yeye hatasema « walikosea fishye ». Atasema « waliniiba ». Na mwaka unaofuata atapelekea mnunuzi wa barabarani kahawa yake.

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari letu liko katika ordinatere. Kama mtu mmoja tu ndiye anajua mahali lilipo, ni sawa vile hakuna daftari. Siku atakapogonjwa, ao kuhamia mjini, ao kugombana na prezida, koperative itabaki bila ukumbusho.

Hata sheria inagusa jambo hili. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyokubaliwa kule Lomé mwaka wa 2010, inaomba kila koperative iwe na rejista ya wanamemba katika makao yake. Rejista ambayo haipatikani siku inapoombwa haisaidii mtu.

Kwa hiyo shabaha ya somo hili ni moja: mtu yeyote wa komite, hata yule asiyejua ordinatere sana, aweze kupata karatasi ya koperative ndani ya dakika tano.

MANENO TUTAKAYOTUMIKISHA

Fishye ni karatasi moja: orodha, barua, rapore, picha. Dosye ni mfuko ambamo tunatia fishye. Dosye inaweza kuwa na dosye zingine ndani.

Dirisha la kutazamia fishye ndilo mlango wa depo yetu. Katika Windows kwa Kifaransa linaitwa « Explorateur de fichiers ». Linafunguka ukifinya alama ya dosye ya manjano iliyo chini ya ekra. Njia ingine: shika butoni ya klaviye yenye alama ya Windows, bila kuiachilia finya herufi E.

Mashini nyingi za koperative zina Windows 10 kwa Kifaransa, kwa hiyo tumeandika maneno sawa yanavyoonekana pale. Ukiwa na Windows 7, mengi yanapatikana chini ya neno « Organiser », kisha « Options des dossiers et de recherche ». Kwenye Windows 11 utaanzia kwa neno « Afficher » huko juu. Maneno yanafanana, usiogope.

HATUA YA 1: TOKA KWENYE PICHA, INGIA KWENYE ORODHA

Fungua dosye moja yenye fishye nyingi. Kama unaona picha kubwa-kubwa, fishye sita ao nane zinajaza ekra yote. Huwezi kulinganisha chochote.

Fanya hivi:
– Huko juu finya neno « Affichage ».
– Kati ya namna za kuonyesha, chagua « Détails ».

Sasa kila fishye iko kwenye mstari wake, na kila mstari una sehemu ine: « Nom » (jina), « Modifié le » (siku iliyobadilishwa mara ya mwisho), « Type » (ni fishye ya namna gani) na « Taille » (uzito wake). Ni kama kaye ya kupimia mavuno: jina, tarehe, kitu, kilo. Mkulima yeyote anajua kusoma kaye ya namna hiyo.

Finya juu ya neno « Modifié le ». Fishye zinajipanga kwa tarehe. Finya tena, mpangilio unageuka. Finya « Nom », zinajipanga kwa herufi. Kwa njia hiyo mtu aliyesahau jina la fishye lakini anakumbuka kwamba waliiandika juma lililopita ataipata upesi.

Ili dosye zingine nazo zionekane hivyo, katika « Affichage » finya « Options », upande wa kuume. Kadirisha kadogo kanafunguka. Finya tena « Affichage » ndani yake, kisha « Appliquer aux dossiers », kisha « Oui » na « OK ». Hii inagusa dosye za namna moja na ile uliyo ndani yake. Dosye za picha zinaweza kubaki na sura yao; ukitaka, rudilia kazi hiyo ndani ya dosye ya picha.

HATUA YA 2: JINA LIONEKANE LOTE, PAMOJA NA MKIA WAKE

Kila fishye ina mkia nyuma ya jina lake. Fishye ya Excel ina mkia .xlsx, ya Word .docx, karatasi isiyobadilishwa ovyo .pdf, picha .jpg, na programu .exe. Windows inaficha mikia hiyo tangu mwanzo. Matokeo: unaona fishye tatu zinazoitwa « Orodha ya wanamemba », hujui ipi ni ya kuandikia, ipi ni ya kuchapisha, ipi ni picha iliyotoka kwenye telefone.

Katika « Affichage », tia alama kwenye kisanduku « Extensions de noms de fichiers ». Mikia yote inaonekana mara moja.

Angalisho: ukibadilisha jina la fishye, usiguse mkia. Ukiukata, ordinatere haitajua tena programu ipi iifungue. Windows itakuonya, jibu « Non », na uanze upya. Kama umekwisha kukubali, shika butoni Ctrl na ufinye Z: jina la zamani litarudi.

HATUA YA 3: KUFICHUA KILICHOFICHWA NA VIRUSI YA FLASHI

Hapa ndipo koperative nyingi zinapoteza vitu. Sekretere anapeleka flashi mjini kwa mtu wa kuchapisha. Anaporudi na kuifungua, dosye zinaonekana bado ziko, lakini akifinya, kitu cha ajabu kinafunguka. Ao flashi inaonekana tupu, na watu wanalia: « Kazi ya mwaka muzima imekufa! »

Mara nyingi haijakufa. Kuna virusi za flashi zinazoficha dosye zako za kweli na kutia mahali pake alama za uongo zenye majina yaleyale na sura ileile ya dosye. Kwa picha kubwa-kubwa hautaona tofauti. Lakini kama ulifuata hatua ya 1 na ya 2, tazama sehemu ya « Type »:
– Dosye ya kweli inaandikwa « Dossier de fichiers », na haina uzito wowote kwenye « Taille ».
– Dosye ya uongo inaandikwa « Raccourci » ao « Application », na ina uzito, mara nyingi mdogo sana.

Ukiona « Raccourci » ao « Application » mahali ambapo wewe uliweka dosye, usiifinye mara mbili. Fanya hivi:
– Katika « Affichage », tia alama kwenye « Éléments masqués ». Vitu vilivyofichwa vinatokea, rangi yao ikiwa imefifia kidogo.
– Kama havijatokea, finya « Options », kisha « Affichage ». Katika orodha ile, ondoa alama kwenye « Masquer les fichiers protégés du système d'exploitation ». Windows itakuuliza kama ni kweli unataka. Jibu « Oui », kisha « OK ».
– Ukiona dosye zako za kweli, fungua na ukopi fishye unazozijua tu: zenye mkia .docx, .xlsx, .pdf ao .jpg. Usikopi .exe hata moja.
– Kisha peleka flashi kwa mtu mwenye programu ya kuua virusi, iliyo ya karibuni, mbele ya kuitumikisha tena.

Kazi ikiisha, rudisha ile alama ya kuficha fishye za ordinatere yenyewe. Wakati ziko wazi utaona vitu kama « desktop.ini » ao « System Volume Information ». Hivyo si vya koperative, wala si virusi, usivifute. Unaweza kuona pia fishye inayoanza na alama ~$. Hiyo Word ao Excel inaitengeneza wakati fishye iko wazi, na kwa kawaida inaondoka yenyewe ukifunga.

Neno moja kwa komite: kuficha si kufunga kwa funguo. Kuna watu wanaficha dosye ya feza wakifikiri kwamba ni salama. Mmeona sasa: alama moja inatosha kuifichua. Kama karatasi fulani haipaswi kubadilishwa na kila mtu, tieni neno la siri katika Excel ao Word, na lile neno la siri lijulikane na watu wawili wa komite, si mmoja tu.

HATUA YA 4: MLANGO UFUNGUKIE DEPO YA KOPERATIVE

Ukifungua dirisha la fishye, Windows 10 inakuonyesha mahali panapoitwa « Accès rapide »: dosye ulizozoea na fishye ulizofungua mara ya mwisho. Ni muzuri kwa mtu mmoja. Kwa ordinatere ya watu wengi kuna hatari mbili. Ya kwanza: kila mtu anafungua fishye bila kujua iko katika dosye gani, na siku orodha hiyo inabadilika anapotea kabisa. Ya pili: mgeni anayekuja kuchapisha barua anaona majina ya fishye ambazo hazimhusu.

Finya « Affichage », kisha « Options ». Katika sehemu ya « Général »:
– Huko juu, chagua dirisha lifungukie « Ce PC » badala ya « Accès rapide ».
– Huko chini, kwenye « Confidentialité », ondoa alama mbili zinazoonyesha fishye na dosye za karibuni, kisha finya « Effacer ». Hii haifuti fishye zenyewe. Inafuta tu alama za nyayo.

Kisha tengenezeni dosye moja tu kubwa, yenye jina la koperative. Ndani yake tieni dosye tano:
01 Wanamemba
02 Mavuno
03 Feza
04 Mikutano
05 Barua na mikataba

Namba mbele ya jina inafanya dosye zibaki katika mpangilio uleule kila siku. Finya dosye ile kubwa kwa upande wa kuume wa suri, ni kusema kile kipanya cha mkononi, na uchague neno linaloanza na « Épingler », lile la « Accès rapide ». Sasa dosye ya koperative itaonekana kila mara upande wa kushoto wa dirisha, hata uwe wapi. Atakayekaa mbele ya ordinatere hiyo ataiona.

HATUA YA 5: JINA LENYE KUSEMA KWELI

Dirisha likipangwa vizuri, bado majina mabaya yanaweza kuharibu kazi. « Nouveau », « finale », « vrai », « ya kweli kabisa »: maneno hayo hayana maana baada ya miezi mitatu. Tuanze jina na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku:

2024-05-30 Malipo ya serezi.xlsx
2024-06-14 Ripoti ya mkutano mkuu.docx

Kwa nini mwaka kwanza? Juu ordinatere inapanga majina kuanzia kushoto. Ukiandika 30-05-2024, fishye zote za tarehe 30 zitakaa pamoja, za miaka yote, na hutaelewa kitu. Tumikisha kistari kati ya namba, usitumikishe alama / , maana Windows inaikataza katika jina la fishye, pamoja na : ? * na zingine.

Mtu atauliza: « Lakini sehemu ya 'Modifié le' inaonyesha tayari tarehe, juu ya nini tuiandike tena? » Kuna sababu mbili. Kwanza, tarehe ile inabadilika kila mara mtu anapofungua fishye, anapogusa kitu na kuhifadhi. Pili, mashini nyingi zetu ni za zamani, na kale kabatri kadogo ka ndani kanakotunza saa kamekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka mingi. Fishye mliyoandika leo itaonyesha tarehe ya wakati ambapo koperative haikuwa imezaliwa. Tarehe iliyo katika jina haidanganywi na saa. Angalieni pia saa chini upande wa kuume wa ekra mbele ya kuanza kazi.

Orodha mpya ikikubaliwa na komite, ile ya zamani iondoke mahali pale. Tengenezeni ndani ya kila dosye dosye ndogo « Za zamani », muitie humo. Katika « 03 Feza » ibaki orodha moja tu ya malipo ya msimu huo. Hakuna mtu atakayekosea kuchapisha.

Mwishoni mwa kila juma, kopieni dosye yote ya koperative kwenye flashi mbili. Moja ibaki katika biro, ingine ikae kwa nyumba ya mwanamemba mwingine wa komite. Dosye ikiwa moja, kukopi ni kazi ya kufinya mara mbili tatu. Ikiwa vipande-vipande kila mahali, hakuna anayeweza kukopi vyote.

JARIBIO LA KUFANYA PAMOJA

Siku ya kikao, ombeni mtu ambaye si sekretere wala kontable akae mbele ya ordinatere. Sekretere asimame nyuma, mikono mgongoni, bila kusema neno. Muombeni apate vitu vitatu:
1. Jina la mwanamemba mmoja na namba yake katika orodha.
2. Kilo ambazo mwanamemba huyo alipeleka msimu uliopita.
3. Ripoti ya mkutano mkuu wa mwisho.

Angalieni saa. Ikiwa kila kitu kimepatikana ndani ya dakika tano, ordinatere yenu iko vizuri. Ikipita hapo, msimulaumu yule anayetafuta. Rudieni hatua ambayo ilimfunga, mutengeneze, na mujaribu tena na mtu mwingine. Ni vizuri mmoja wa hao awe mama, na mmoja awe kijana, ili elimu hii isikae kwa watu wawili wa biro.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika koperative yetu, watu wangapi wanajua mahali ambapo orodha ya wanamemba iko? Kama sekretere hayupo juma moja, nani atachapisha orodha ya malipo?
2. Je, tuko na orodha mbili za jambo moja? Ipi komite ilikubali, na ingine itaenda wapi?
3. Flashi yetu inaingia katika mashini za nani? Tunaweza kununua flashi moja ya kupeleka inje tu, ambayo haina dosye ya koperative?
4. Karatasi gani kila mwanamemba ana haki ya kuona akiomba, na tunaweza kumwonyesha siku ileile?

Andikeni majibu katika kaye ya kikao, pamoja na jina la mtu atakayefanya kila kazi na tarehe ya kuimaliza. Kisha bandikeni kwenye ukuta, juu ya ordinatere, karatasi yenye hatua tano za somo hili, kwa maandishi makubwa. Siku mashini itabadilishwa, ao sekretere mwingine atachaguliwa, kazi itaendelea kutoka palepale ilipofika.